Kozi ya Chuo Huanza Kuchaguliwa Kidato cha Pili

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi na walimu



Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa kozi ya chuo kikuu. Mwaliko ulinitaka nizungumze na kidato cha sita. Nikaomba kidato cha nne nao waletwe, kisha nikaomba na kidato cha pili, hata kama itawabidi kukaa sakafuni. Nashukuru ombi limekubaliwa, kwa sababu ninachokuja kusema kinawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote katika ukumbi huu. Mwanafunzi wa kidato cha sita anapofungua mfumo wa maombi ya chuo na kuanza kupekua orodha ya kozi, sehemu kubwa ya uamuzi wake imekwisha kufanyika. Ilifanyika siku alipoacha fizikia, au siku alipokata tamaa na hisabati, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo alikuwa anachagua kitu.

Nikiwa mwalimu wa taaluma, alinijia ofisini binti wa kidato cha sita aliyekuwa akisoma CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia. Alikuwa hodari. Akaniamkia, akasema, "Mwalimu, nimekuja unisaidie kuchagua chuo cha udaktari." Nikamuuliza fizikia aliiacha lini. Akasema kidato cha tatu, kwa kuwa shuleni kwao hapakuwa na mwalimu wa somo hilo, na aliposikia CBG ina kemia na baiolojia akaona inatosha. Haikutosha. Shahada ya udaktari wa binadamu hapa nchini inadai ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu, katika kidato cha sita. Hata angepata A tatu za CBG, asingeingia. Alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa mbona hakuna aliyeniambia?"

Tulikaa tukaipitia orodha pamoja: kilimo, lishe, misitu, wanyamapori, ualimu wa sayansi. Ni kozi nzuri, na nchi inawahitaji waliozisomea. Lakini alikuwa anaziona kwa mara ya kwanza, siku ileile alipopoteza udaktari, kwa hiyo zilimjia kama pole kwa aliyekosa. Angezijua miaka mitatu kabla, huenda mojawapo ingekuwa chaguo lake la kwanza.

Tuutazame mfumo wetu. Kwa miaka mingi mtoto wa Tanzania Bara amesoma masomo yote hadi kidato cha pili, akafanya upimaji wa kitaifa mwezi Novemba, na Januari akiingia kidato cha tatu akaruhusiwa kuacha fizikia na kemia. Wakati huo ana miaka kumi na tano hivi. Akiwa kidato cha nne anajaza selfomu, yaani fomu ya machaguo, anaorodhesha tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano, anazozitaka na vyuo vya ufundi anavyovipendelea. Matokeo yakishatoka hufunguliwa dirisha la kubadilisha machaguo. Kidato cha tano anabaki na masomo matatu makuu. Kwa majirani zetu Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, kijana alifika mtihani wa mwisho wa sekondari akiwa na masomo yasiyopungua saba, kisha akapangiwa chuo kwa alama za masomo yanayohusiana na kozi. Sisi tumekuwa tukimpunguzia kijana masomo zaidi kuliko wao kabla hajafika chuo.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49, jumla zikafika 65. Mwaka huohuo ulianza kutekelezwa mtaala wenye mkondo wa amali, yaani wa elimu ya ufundi, ambao mtoto anaweza kuuingia tangu kidato cha kwanza. Nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote, maana yamefungua njia ambazo zamani hazikuwepo. Lakini angalieni matokeo yake: uamuzi umesogea mapema zaidi, na orodha imekuwa ndefu zaidi. Mtoto wa miaka kumi na tatu au kumi na nne anachagua mkondo, na nyumbani kwao huenda hakuna aliyewahi kusikia neno tahasusi.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, tumejenga shule za kata nchi nzima. Shule hizo zimewapa nafasi watoto ambao kizazi cha wazazi wao kiliishia darasa la saba, na asiyeliona hilo hajawahi kuishi kijijini. Lakini nyingi zilifunguliwa bila maabara na bila walimu wa sayansi wa kutosha. Kemia ikafundishwa ubaoni. Fizikia ikafundishwa na mhitimu wa kidato cha sita aliyekuwa anasubiri kwenda chuo, naye akiondoka, kipindi kinabaki kwenye ratiba bila mtu. Mtoto aliyepita katika hali hiyo akiingia masomo ya sanaa tunaandika kwamba amechagua. Kusema kweli hakuchagua. Shule ilimchagulia kwa kukosa mwalimu. Kwa wasichana iko sababu nyingine juu ya hiyo: bado wapo watu wazima, na wengine ni walimu, wanaomwambia binti kwamba fizikia itamsumbua bure. Nimeisikia kauli hiyo kwa masikio yangu, na kila nilipoisikia niliikemea, kwa sababu aliyeambiwa hivyo kidato cha pili hataweza kuomba uhandisi kidato cha sita.

Na hisabati. Hili ndilo somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote katika mtihani wa kidato cha nne, mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba baadhi ya madarasa yameshazoea kufeli kwake kama kitu cha kawaida. Mwanafunzi anasema "hesabu siziwezi" kwa sauti ileile anayotumia kusema kwamba hapendi bamia. Wanangu, hakuna somo linalofungua kozi nyingi kama hili. Uhandisi unadai hisabati ya juu pamoja na fizikia. Upimaji ardhi, takwimu, bima, sayansi ya kompyuta, ukadiriaji majenzi, vyote vimejengwa juu yake. Uchumi, ambao wengi wa HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, huukimbilia wakidhani ni somo la maelezo, mwaka wa kwanza tu unakukabidhi kalkulasi na takwimu. Hata udaktari: baadhi ya vyuo, mwombaji anapopitia stashahada, huangalia alama yake ya hisabati ya kidato cha nne. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha pili anayetaka kukata tamaa na kitu, aanze na kingine chochote.

Sasa niwageukie walio kidato cha nne na cha sita, ambao baadhi ya milango yao imekwisha kufungwa na mingine iko wazi.

Anzeni mwisho mrudi mwanzo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoonyesha kozi za shahada katika vyuo vyote na masharti ya kila moja. Kinapatikana bure katika tovuti yao. Sharti la jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wanafunzi wengi husoma sharti hilo la jumla wakaishia hapo. Kilicho muhimu kimeandikwa mbele ya kozi yenyewe: masomo yapi, alama ipi, na kama kuna jambo la kidato cha nne linalohitajika. Kwa vyuo vya kati mwongozo unatolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Kila shule ingekuwa na nakala moja iliyochapishwa na kutundikwa maktaba, tungeokoa machozi mengi ya mwezi Julai. Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na hakuna tena mfumo mmoja wa TCU unaompanga, kwa hiyo mzigo wa kusoma masharti umeangukia mabegani mwake mwenyewe.

Ukishajua mlango unaingiwaje, uliza ndani kuna nini. Hapa ndipo vijana wengi hupotea, kwa sababu wanachagua jina. "Udaktari" ni jina. Ndani yake kuna miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa mafunzo tarajali hospitalini, na sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza ni anatomia, fiziolojia na baiokemia, pamoja na saa nyingi mbele ya maiti. "Sheria" ni jina. Ndani yake kuna kurasa na kurasa za hukumu za mahakama kwa Kiingereza, na ukimaliza shahada bado huwezi kusimama kama wakili mpaka upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Usanifu majengo unasomwa miaka 5 pale Chuo Kikuu Ardhi. Mhasibu anayetaka kutambulika kitaaluma atafanya mitihani ya bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, baada ya chuo, na mhandisi atahitaji kusajiliwa na bodi yake. Na "kilimo", ambacho mtoto wa mkulima hukikataa kwa kuwa anakumbuka jembe, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ni kemia ya udongo, jenetiki ya mimea na uchumi wa mazao.

Kila chuo kina orodha ya masomo ya kila kozi kwa kila mwaka. Tafuta orodha ya mwaka wa kwanza uisome jina kwa jina. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo, kaka wa jirani au binti wa msikitini au kanisani kwenu, umuulize maswali matatu: somo gani linawapa watu sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, wangapi katika darasa lake wamedisko, yaani wameondolewa chuoni, na yeye mwenyewe anafurahia kipindi gani. Dakika ishirini za mazungumzo hayo zitakufaa kuliko wiki nzima ya kutazama picha za watu waliovaa joho.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa sana siku hizi, kwamba chagua kozi yenye soko. Nina wasiwasi nao, na nitaeleza kwa nini. Kuanzia mwaka 2010 gesi asilia nyingi iligunduliwa katika kina cha bahari ya kusini, Lindi na Mtwara. Magazeti yalijaa habari. Vyuo vikafungua kozi za uhandisi wa mafuta na gesi, vijana wenye alama za juu kabisa wakazikimbilia. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Lakini mradi mkubwa wa kusindika gesi kuwa kimiminika kule Lindi, ambao ndio ulikuwa umebeba matumaini ya ajira, umekuwa katika mazungumzo mwaka baada ya mwaka. Aliyeingia chuo mwaka 2013 alihitimu mwaka 2017, na kiwanda alichokisomea hakikuwepo. Vijana wale hawakuwa wajinga. Walifanya kile hasa tulichowashauri.

Au chukueni ualimu. Kulikuwa na wakati mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo cha kazi mara tu alipomaliza, na wengi waliuchagua kwa sababu hiyo pamoja na uhakika wa mkopo. Leo mhitimu anaomba ajira, anasubiri, anafanyiwa usaili na kushindana na waliomaliza miaka kadhaa kabla yake. Mlango ulibadilika wakiwa bado darasani.

Kozi inachukua miaka mitatu hadi mitano; kabla yake kuna miwili ya kidato cha tano na cha sita. Anayechagua leo kidato cha nne ataingia kwenye soko baada ya miaka mitano hadi saba, na hakuna waziri wala mfanyabiashara anayeweza kumwambia kwa uhakika soko la mwaka huo litakuwaje. Kwa sababu hiyo ninawashauri vijana wachague taaluma mama kwanza. Anayetaka mafuta na gesi asome uhandisi wa mitambo, uhandisi wa kemikali au jiolojia. Gesi ikija yumo, isipokuja kuna viwanda, migodi, maji na umeme. Ubobezi mwembamba uje baadaye, katika shahada ya pili au kazini. Na tusiwatishe vijana kwamba jina la shahada litawafunga maisha. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza pale Makerere, akawa mhariri wa magazeti, mwanadiplomasia, kisha Rais. John Magufuli naye, kabla ya kuwa Rais, alikuwa mwalimu na mtaalamu wa kemia. Kilichowasaidia ni kwamba walichosoma walikisoma hasa.

Niseme na wazazi. Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima, na nimesikia baba akimwambia hivyo mwanawe aliyekuwa anasita kujaza udaktari. Methali hiyo inamfaa aliyekwisha kufika shambani. Huyu bado anaulizwa alime nini, na mkulima yeyote mwenye akili hulifikiria hilo kabla ya mvua. Mzazi ana haki ya kusema gharama, ana haki ya kusema anachokijua kuhusu mwanawe, na ana haki ya kukataa upuuzi. Hana sababu ya kumtuma mtoto akaishi maisha ambayo yeye mzazi aliyakosa. Nimewaona waliotumwa hivyo. Wengi hurudi mwaka wa pili, kimya, na nyumbani inasemwa kwamba wanaumwa.

Upande wa pili nao siukubali, ule unaomwambia kijana afuate ndoto yake bila kujali lolote. Unasemwa kwa urahisi na mtu ambaye ada yake ililipwa. Kijana wa familia isiyo na kitu anapochagua kozi kwa sababu Bodi ya Mikopo inaipa kipaumbele, hajaisaliti ndoto yake. Anafanya hesabu za mtu mzima. Namheshimu. Ninachomwomba ni kwamba azifanye zote: kozi ni miaka mingapi, mkopo unagharimia nini na nini hautagharimia, na kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Ajue pia kwamba njia haiko moja. Kijana mwenye ufaulu wa kidato cha nne anaweza kuingia stashahada ya uhandisi pale Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha kwa miaka 3, akatoka akiwa na ujuzi wa mikono unaolipa, na baadaye akaendelea na shahada. Tumewalea watoto waamini kwamba chuo cha kati ni cha walioshindwa. Si kweli, na makampuni ya ujenzi yanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Jambo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja; aende kwanza kazini, na mahali pake pa kazi pamtolee ushuhuda kabla ya kudahiliwa. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake, uliwachelewesha wengi na baadaye ukalegezwa. Siombi urudi. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo tumelipoteza: mtu aliingia darasani akiwa amekwisha kuiona kazi.

Sisi tunayo nafasi ya namna hiyo na tunaitupa. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati kuna zaidi ya miezi sita. Wenye uwezo wanawapeleka watoto wao tuisheni ya kuanza masomo ya kidato cha tano kabla hata hawajajua tahasusi watakayopangiwa. Wasio na uwezo wanawaacha wakae tu. Itumieni miezi hiyo kuangalia kazi. Anayetaka sheria aende mahakama ya wilaya, kesi husikilizwa hadharani, akae benchi la nyuma siku tatu asikilize. Anayetaka udaktari amwombe mganga wa zahanati ya kata amruhusu asaidie kupanga mafaili na aone foleni ya saa mbili asubuhi. Anayetaka uhandisi akae gereji au kwenye jengo linalojengwa. Anayetaka kompyuta atafute fundi anayetengeneza mifumo ya maduka. Wengi watarudi na hamu zaidi. Wachache watarudi wamebadili mawazo, na hao watakuwa wameokoa miaka mingi na fedha nyingi kwa nauli ya daladala.

Walimu wenzangu, kila shule ina mwalimu wa ushauri nasaha kwenye karatasi. Mpeni kipindi kwenye ratiba, mpeni miongozo ya TCU na NACTVET, na aanze na kidato cha kwanza.

Na wazazi wa kidato cha pili: upimaji ni Novemba, kidato cha tatu kinaanza Januari. Kabla ya hapo nendeni shuleni, mkamuulize mwalimu wa taaluma mtoto wenu anaacha masomo gani na kwa sababu gani. Mkijibiwa kwamba anaacha fizikia kwa kuwa hakuna mwalimu, ombeni kuonana na mkuu wa shule na bodi, na msiondoke mpaka mmeambiwa mwalimu huyo atapatikana lini.